Kupiga Picha za Matone ya Maji kwa Kamera Ndogo

Nyuma ya jiko la seminari yetu kuna shamba dogo la magimbi. Asubuhi baada ya mvua, maji hayatandai juu ya majani yake, bali hujikusanya kuwa matone ya mviringo kama shanga. Sisi waseminari wachache wa Falsafa tuna kamera moja ndogo ya mfukoni, ya zamani kidogo, na tumezoea kuyapiga picha matone hayo wakati wa mapumziko. Katika makala hii tunaeleza namna tunavyofanya, pamoja na jambo ambalo kazi hii ilitulazimisha kulifikiri.

Kwa nini tone ni la mviringo?

Chembe za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe. Zile zilizo juu huvutwa kuelekea ndani, hivyo uso wa maji hukaza kama ngozi ya ngoma na kulifinya tone liwe duara. Jani la gimbi nalo lina vinundu vidogo sana vyenye nta, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Tone hugusa ncha za vinundu hivyo tu, ndiyo maana huviringika bila kulilowesha jani. Hata tone dogo linaloanguka hewani ni la duara. Lile umbo la chozi lenye ncha juu, tunalolichora tangu shule ya msingi, silo.

Tone lililotulia

Kwanza, chagua kwenye kamera alama ya ua, yaani hali ya kupiga vitu vya karibu. Kamera nyingi za aina hii huweza kusogea hadi sentimita 5 au pungufu, ila usivute picha kwa zumu. Ukivuta, kamera hushindwa kuona kitu kilicho karibu.

Pili, usishike kamera mkononi. Ilaze juu ya mfuko mdogo wa mchele au maharage, kisha tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise.

Tatu, zima flashi, kwa kuwa huacha doa jeupe juu ya tone. Mwanga wa asubuhi, au wa kivulini, unatosha.

Nne, bonyeza kitufe nusu, subiri kamera ioneshe kuwa imelenga, ndipo umalizie kubonyeza.

Tone lenyewe ni lenzi. Ukiweka ua nyuma yake, utaliona ua hilo ndani ya tone likiwa limepinduka juu chini. Hakikisha kamera imelenga ua lililo ndani ya tone, siyo ukingo wa tone.

Tone linaloanguka

Hapa kazi ni ngumu zaidi. Tunakata kitako cha chupa ya maji, tunatoboa kifuniko kwa sindano, na kuining'iniza ikiwa imepinduliwa ili maji yadondoke tone moja moja ndani ya bakuli lililojaa. Tone likianguka kutoka sentimita 30, hufika chini kwa mwendo wa karibu mita 2.4 kwa sekunde. Kamera ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, tone limeshapita.

Kwa hiyo tunasimamisha penseli mahali tone linapoangukia, tunabonyeza kitufe nusu ili kamera ilenge pale, kisha tunaiondoa penseli bila kuachia kitufe. Baada ya hapo tunasikiliza mdundo wa matone na kubonyeza kwa kuufuata. Safari hii flashi iwashwe na chumba kiwe na giza kidogo, kwa sababu flashi humulika kwa muda mfupi sana na kuyagandisha maji pichani. Kamera ikae kama sentimita 20 kutoka kwenye bakuli ili isirukiwe na maji.

Picha zipi ni za kweli?

Siku ya kwanza tulipiga picha 86. Zilizoonesha maji yakiruka kama taji zilikuwa 3 tu. Moja ilikuwa nzuri, imelingana pande zote. Mbili zilikuwa zimepinda, zenye meno marefu upande mmoja. Tulikubaliana kubakiza ile nzuri na kuandika chini yake kwamba hivi ndivyo tone linavyoruka. Mwenzetu mmoja akauliza, "Na hizi mbili, si matone pia?" Hatukuwa na jibu.

Swali hilo lilitukumbusha habari za mwanafizikia Mwingereza Arthur Worthington. Kwa miaka mingi alichunguza matone gizani kwa mwanga wa cheche, akichora haraka alichokuwa amekiona. Michoro yake ilikuwa imelingana vizuri pande zote. Mwaka 1894 alifaulu kupiga picha, na picha zikaonesha mipasuko isiyolingana. Alipoirudia michoro yake ya awali, alitambua kwamba hata zamani alikuwa ameiona mipasuko iliyopinda, lakini aliiacha akidhani ni ajali. Mwaka 1908 alichapisha kitabu kuhusu mipasuko ya matone kikiwa na picha zake.

Worthington hakuwa mwongo, na macho yake hayakuwa na kasoro. Akili yake ilikuwa imekwisha kuamua tone linapaswa kuwaje. Darasani tunasoma Epistemolojia, tawi la Falsafa linalouliza tunajuaje tunachokijua, na tulidhani ni somo la vitabuni. Kumbe sisi wenyewe, mbele ya bakuli la maji, tulikuwa tayari kufuta theluthi mbili za ushahidi kwa kuwa haukutupendeza.

Tumezibandika picha zote 3 kwenye ubao wa matangazo, na ile nzuri iko katikati. Nawe msomaji ukijaribu nyumbani, hata kwa simu, usifute haraka zile zilizopinda. Ziangalie kwanza.