Dada, usitaje saizi kabla hujapima kifua chako

Tuseme umeshaamua. Una miaka 23 au 26, unafanya kazi hapa Isiolo mjini, chama kimekufikia zamu yako na pesa zimetulia kwenye akaunti. Umeandikia kliniki moja ya Nairobi kwa WhatsApp kuhusu upasuaji wa kuongeza matiti, na swali la kwanza uliloulizwa ni, "Unataka saizi gani?" Ukatuma picha ya dada mmoja uliyemwona TikTok. Ukajibiwa, "Hiyo ni 450, tunaweza." Mambo yakaisha hapo, kama kuagiza viatu.

Hapo kwa picha ndipo nataka tusimame kidogo. Sikuulizi kwa nini unataka. Kuna aliyezaliwa titi moja likiwa dogo kuliko lingine na akajificha ndani ya dera tangu shule ya upili. Kuna aliyenyonyesha watoto wawili na kifua kikabaki kitupu. Kuna anayetaka tu, basi. Nyumbani watakuwa na lao la kusema, na shehe au pasta pia, na hayo mtayazungumza huko huko. Langu ni hii namba 450. Imetoka wapi? Haikutoka kwenye kifua chako, kwa sababu hakuna aliyekipima.

Kwanza tuelewane namba yenyewe ni nini. Vipandikizi vya matiti hupimwa kwa ujazo, yaani mililita, ambazo madaktari huziandika cc. Ile chupa ya soda ya kioo ya mililita 300 unayoijua ni kipandikizi cha 300. Pakiti ya maziwa ya nusu lita ni 500. Na silikoni ina uzito unaokaribia wa maji, kwa hivyo 450 kila upande ni karibu gramu 900 kwa jumla, kama mfuko wa sukari wa kilo moja uliochotwa kidogo. Huo mfuko utalala nao, utainama nao ukifua, utapanda nao boda kutoka Bula Pesa hadi mjini. Hauvuliwi jioni.

Sasa mwenzako mwenye mwili mkubwa na kifua kipana akiwekewa 450, huenda usijue kama amefanya chochote. Wewe mwembamba ukiwekewa hiyo hiyo, watu watajua ukiwa bado ng'ambo ya barabara. Namba ni moja, matokeo ni mawili. Ndiyo maana picha haisemi kitu, hata ukiacha kando taa, kamera, sidiria ya sponji na programu za kuhariri. Na picha ni biashara pia. Mnamo 2022 Vera Sidika alitangaza kwamba ameondoa vipandikizi vya makalio, mitandao ikawaka moto, kisha akasema ulikuwa mzaha wa kutangaza wimbo. Hiyo ni kazi yake na aliifanya vizuri. Wewe si kazi yako kuweka mwili rehani kwa picha ambayo hujui imetengenezwaje.

"Basi nitawaambia nataka C." Hilo nalo halisaidii sana. Nenda sokoni kwenye rundo la sidiria za mitumba, ujaribu 34C, halafu ujaribu 36B. Kikombe ni kile kile. Kilichobadilika ni mkanda wa kuzunguka mgongo tu. Ongeza kwamba kila kampuni ina vipimo vyake, na nchi nazo zina herufi zao. Kwa makadirio ya jumla madaktari husema herufi moja ni kama mililita 150 hadi 200, lakini hakuna daktari makini atakayekuahidi herufi.

Kinachoamua ni upana. Titi lina msingi wake kwenye kifua, kuanzia karibu na mfupa wa katikati hadi upande wa kwapa. Daktari hupima hapo kwa sentimita. Kipandikizi nacho ni duara lenye upana wake, na kawaida hakifai kuzidi upana wa msingi huo. Kikizidi, kinasukuma kuelekea kwapani ukawa unakisugua kwa mkono kila ukitembea, au vyote viwili vinasogeleana katikati mpaka matiti yanaonekana kama yameungana. Kulirekebisha hilo ni upasuaji mwingine, mgumu kuliko wa kwanza.

Halafu kuna kuchomoza. Vipandikizi viwili vya 300 vinaweza kuwa tofauti kabisa: kimoja kipana na bapa kama chapati, kingine chembamba kilichoinuka kama bakuli lililopinduliwa. Ndiyo maana mwenye kifua chembamba anayetaka kuonekana amejaa anaweza kupewa kilichoinuka badala ya kuongezewa mililita. Haya ni mazungumzo ya uso kwa uso, yenye tepu ya kupimia. Hayafanyiki kwa WhatsApp.

Cha tatu ni nyama uliyonayo tayari. Daktari atafinya sehemu ya juu ya titi kwa vidole aone unene wake. Ukiwa chini ya sentimita mbili hivi, mara nyingi atapendekeza kipandikizi kikae chini ya msuli wa kifua, ili kingo zake zisionekane kama sahani iliyofunikwa na kitambaa. Atavuta ngozi pia aone inanyooka kiasi gani. Ngozi na nyama vikibebeshwa uzito kuliko uwezo wao, vinakonda mwaka baada ya mwaka, titi linashuka, mawimbi yanaonekana chini ya ngozi, na hisia kwenye chuchu zinaweza kupungua au kupotea. Siku ya kwanza hayo yote hayaonekani. Siku ya kwanza kila mtu anapendeza.

Kwa wale waliokwisha kunyonyesha, neno moja. Kama shida ni titi lililolala, kipandikizi hakiliinui. Wengine huomba saizi kubwa wakidhani itajaza ngozi yote iliyolegea, na kinachotokea ni titi kubwa lililolala. Kuinua ni upasuaji wake tofauti, na pengine ndio pekee unaouhitaji.

Kumbe swali hili la nani anachagua saizi ni la zamani kama kipandikizi chenyewe. Mwanamke wa kwanza kuwekewa kipandikizi cha silikoni alikuwa Timmie Jean Lindsey, wa Houston, Texas, mwaka wa 1962. Alikuwa ameenda hospitali kuondolewa tatuu kifuani. Madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow wakamuuliza kama angekubali kujaribiwa kitu kipya. Yeye shida yake ilikuwa masikio. Alitaka yarekebishwe yasichomoze. Wakaelewana: masikio yatatengenezwa, na matiti yatawekwa. Alitoka na herufi moja zaidi. Kila nikikumbuka hadithi hiyo huwa nawaza juu ya yale masikio. Alijua alichokuwa anataka, na hakikuwa kile walichokuwa nacho mezani.

Ili wewe ujue unachotaka, kuna jaribio la nyumbani ambalo hata kliniki kubwa hulipendekeza, na halina gharama. Chukua kikombe chenye vipimo vya mililita. Pima mchele mkavu, 250 kwa kuanzia, uutie kwenye stokingi ya zamani, ufunge fundo, ubonyeze uwe bapa. Tengeneza wa pili. Vitie ndani ya sidiria laini isiyo na sponji, vaa na fulana ya kubana, kisha vaa nguo zako za kila siku, iwe ni dera, buibui au jinzi. Jitazame kwa mbele na kwa upande. Punguza, ongeza, andika namba.

Usiishie kwenye kioo. Kaa navyo siku nzima. Fanya usafi, panga bidhaa dukani, panda boda kwenye ile barabara yenye mashimo unayoijua wewe, tembea saa nane mchana jua likiwa limekuvaa. Mchele unakuonyesha umbo, ila ni mwepesi kuliko silikoni. Ukitaka kujua uzito, jaza maji kwenye mifuko miwili ya plastiki, mililita zile zile, uifunge vizuri na uvae saa chache ukiwa nyumbani. Ukifika jioni mabega yanakuuma na mkanda wa sidiria umekuchora, umepata jibu ambalo hungelipata kwa picha. Inawezekana pia ukahisi fiti kabisa na ukaona 250 ni ndogo kwako. Sawa, hilo nalo ni jibu, maana madaktari huwa na wateja wanaorudi wakisema wangeongezewa kidogo, sawa na wale wanaorudi wakitaka kupunguziwa. Namba yako ya mchele ni ya kuanzia mazungumzo. Kipandikizi kilichokaa chini ya msuli huonekana kidogo kuliko kwenye sidiria.

Umri nao una maneno. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, imeidhinisha vipandikizi vya maji ya chumvi kwa urembo kuanzia miaka 18, na vya silikoni kuanzia 22. Sababu mojawapo ni kwamba kifua cha binti bado kinakua. Ukipima msingi wa titi ukiwa na miaka 18, unaweza kuwa unapima nyumba ambayo bado inajengwa. Ujauzito na kunyonyesha vitabadilisha saizi tena. Kama unapanga watoto hivi karibuni, mwambie daktari, na umuulize atapasua wapi, kwa sababu mkato wa kuzunguka chuchu unaweza kuathiri maziwa kuliko ule wa chini ya titi.

Na tafadhali usiambiwe ni ya milele. FDA husema wazi kwamba vipandikizi si vya maisha yote, na kwamba hadi mwanamke 1 kati ya 5 waliowekewa kwa urembo huhitaji kuviondoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Kwa hivyo pesa za chama ulizo nazo ni za upasuaji wa kwanza tu. SHA haitakulipia urembo. Kadiri unavyochagua kubwa, ndivyo ngozi itakayobaki siku ya kuvitoa inavyokuwa nyingi. Ukiniuliza mimi, ukikwama kati ya saizi mbili ambazo kifua chako kinazimudu, chukua ndogo.

Sasa tuje kwa safari yenyewe, maana wewe hukai Nairobi. Kutoka hapa ni saa tano hivi kwa gari, barabara ile ile maziwa ya ngamia ya kina mama wetu hupitia yakienda Eastleigh. Maziwa yakiharibika njiani ni hasara. Wewe ukivuja damu ndani ya kidonda ukiwa njiani kurudi ni hatari ya maisha. Siku za kwanza ndizo za kuchungwa, kwa hivyo tafuta ndugu wa kukuhifadhi mjini mpaka daktari akuone tena na akuruhusu. Ukirudi, kwa mwezi mmoja hadi mmoja na nusu hutabeba mtungi wa lita 20 wala mtoto mzito. Panga na watu wa nyumbani mapema. Kuficha jambo hili halafu ukalazimika kuteka maji wiki ya pili ndiko kunakofungua mishono.

Hakikisha pia ni nani anayeshika kisu. Mwishoni mwa 2024 mwanamke mmoja alifariki siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo katika kliniki moja Nairobi, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, likaifunga. Baraza hilo lina rejista mtandaoni ambapo unaweza kutafuta jina la daktari na la kituo bila malipo. Angalia kama ni mtaalamu wa upasuaji wa plastiki, si daktari wa kawaida aliyefungua kliniki ya urembo. Uliza nani atatoa ganzi, na mambo yakiharibika usiku utapelekwa hospitali gani. Ukiona wanakasirika kwa maswali hayo, au wanakuharakisha ulipe arbuni leo kwa sababu ofa inaisha, panda gari urudi nyumbani. Nauli ni kitu kidogo.

Kuna karatasi moja usikubali kuondoka bila hiyo: kadi ya kipandikizi, yenye jina la kampuni, namba ya utambulisho, saizi ya kila upande na tarehe. Mwaka wa 2010 iligunduliwa kwamba kampuni ya Ufaransa iitwayo PIP ilikuwa ikijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani, na mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, akahukumiwa kifungo mwaka wa 2013. Mnamo 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni aina moja ya vipandikizi vyenye ngozi ya kukwaruza kwa sababu ya kuhusishwa na saratani adimu. Mara zote mbili, wanawake sehemu nyingi za dunia walikurupuka kutafuta walichowekewa ni cha nani. Piga kadi picha, umtumie dada yako, kisha uiweke pamoja na kitambulisho. Ukienda kupigwa picha ya matiti, hata miaka kumi ijayo, uitoe uionyeshe kabla hujavua nguo.