Jiwe la mjomba: kemia ya shule kwa vitenzi vya Kiswahili

Kirungu, kwa mjomba wangu, mlango wa sebule ulikuwa ukizuiwa na jiwe. Lina ukubwa wa ngumi mbili tu, lakini ukiliinua linakushangaza kwa uzito. Ni jeusi, lenye madoa ya manjano. Mjomba alirudi nalo kutoka upande wa Likasi, alikokwenda kuchimba kobalti wakati vijana wengi wa Moba walikuwa wakishuka kusini kutafuta pesa. Alilipenda kwa rangi zake. Watoto wa nyumba ile wamekua wakilikalia.

Likizo iliyopita redio ilizungumza habari za mgodi wa Shinkolobwe na mawe yake. Mjomba akazima redio, akaniita: "Mwipwa, jiwe hii, kama tunaichoma mu moto, ubaya yake si itatoka?" Mdogo wangu, aliye darasa la tano la sekondari, sehemu ya kemia na biolojia, alikuwepo. Alisimama akatamka kwa Kifaransa maana ya unururifu, neno kwa neno kama ilivyo katika daftari lake, bila kosa hata moja. Mjomba akangoja. Halafu mdogo wangu akanigeukia: "Yaya, kwa Kiswahili tunasema je?"

Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na kemia niliiacha sekondari. Hata hivyo swali lile lilikuwa langu pia. Lilihitaji mtu atofautishe mambo mawili ambayo kemia huyatofautisha kwa vipindi vingi vya masomo, na nilipoanza kutafuta maneno niligundua kwamba viambishi vya vitenzi vyetu vinafanya nusu ya kazi. Makala haya ni yale niliyomweleza mjomba, pamoja na machache niliyoyaongeza kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili.

Tuanze na neno atomu. Ni la Kigiriki: kikanushi a- na shina lenye maana ya kukata. Tungelitafsiri leo tungepata "kisichokatika". Wagiriki wa kale walidhani kwamba ukiendelea kukikata kitu utafika mahali kisu hakipiti tena. Walikosea kuhusu kisu, ila jina limebaki. Ndani ya atomu kuna kiini, chenye protoni na nyutroni, na nje yake zipo elektroni. Wanafunzi wengi wakisikia "kiini" huona kiini cha yai, na hapo picha inaharibika, kwa sababu kiini cha yai ni kikubwa. Kiini cha atomu ni kidogo mno: kama kingekuwa punje ya hindi katikati ya soko la Moba-Port, elektroni za nje zingekuwa mamia ya mita kutoka hapo, huko kwenye maji ya ziwa. Ila karibu uzito wote wa atomu umo ndani ya punje ile.

Idadi ya protoni ndiyo inayotoa jina. Yenye 6 ni kaboni, yenye 8 ni oksijeni, yenye 29 ni shaba, yenye 82 ni risasi, yenye 92 ni urani. Ongeza au punguza protoni moja tu, umepata kitu kingine chenye jina lingine. Hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu. Shaba katika mazungumzo hujumuisha metali nyekundu ya Kolwezi na hata ile ya manjano iliyochanganywa na zinki. Mkemia haruhusu hivyo: kwake shaba ni yenye protoni 29, basi. Sisi ambao jimbo letu liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, tumekaa ndani ya elementi bila kuulizwa ni ipi.

Sasa vitenzi. Dagaa wakianikwa kwenye mchanga, wanachanganyika nao. Mama akipepeta, dagaa ni dagaa na mchanga ni mchanga. Kuchanganyika hakumbadilishi mtu. Lakini munyu, au chumvi kama wasemavyo wa pwani, si mchanganyiko. Umetokana na sodi, metali laini inayolipuka ikitupwa majini, na klorini, gesi ya sumu ambayo Wajerumani waliwafungulia askari wa Ufaransa huko Ypres mwezi wa Aprili 1915. Vitu hivyo viwili vikiungana, unapata kitu cha kutia kwenye mboga. Hakuna ungo wa kuvitenganisha tena. Kitenzi ungana kina -an-, kiambishi cha kutendana, na ndivyo ilivyo hasa: sodi inatoa elektroni, klorini inaipokea, kila mmoja ana sehemu yake. Vitabu vya Tanzania huita tendo hili mmenyuko. Neno hilo kwetu halijulikani. Silipingi, lakini anayejua ungana na achana ameshafika mlangoni.

Mjomba alikuwa na sababu nzuri ya kuutaja moto. Katanga ni nchi ya watu waliojua tangu zamani kwamba moto hubadilisha jiwe. Malakiti ni jiwe la kijani. Lilitiwa katika tanuru pamoja na makaa, mivukuto ikapulizwa, na chini ikatiririka shaba nyekundu, ile iliyomiminwa kuwa misalaba inayopatikana katika makaburi ya kale ya Upemba. Kinachotokea mle ni hiki. Joto kwanza linafukuza maji na gesi ya kaboni dioksidi, jiwe linabaki jeusi, yaani shaba iliyoungana na oksijeni. Kisha gesi itokayo kwenye makaa, kaboni monoksidi, inainyang'anya shaba oksijeni yake na kuondoka nayo. Shaba inabaki peke yake. Rangi imegeuka mara mbili, uzito umepungua, moshi umekwenda. Hata hivyo, kama ungeweza kuhesabu atomu za shaba kabla na baada, zingekuwa zilezile. Zimebadilisha wenzi tu. Kazi yote imefanyika nje, kwenye elektroni, na hakuna kiini hata kimoja kilichoguswa.

Kwa hiyo mjomba alifikiri sawasawa: kama moto uliweza kulitoa jiwe la kijani tabia yake, kwa nini usilitoe lile jeusi? Jibu ni kwamba ubaya wa jiwe la urani haumo katika elektroni. Umo katika kiini, na moto wa makaa haufiki huko. Asidi haifiki, maji ya moto hayafiki, nyundo haifiki. Nyundo, kwa kweli, huongeza hatari, maana vumbi likiingia mapafuni linakaa.

Hapa nilihitaji kitenzi kingine, na Kiswahili kilikuwa nacho. Kiini cha urani *kinavunjika*. Nawaomba walimu wangu wanivumilie. Najua kauli ya kutendeka ina maana mbili, "kinaweza kuvunjwa" na "kimefikwa na hali ya kuvunjika". Nachukua ya pili. Uzuri wake ni kwamba haikubali mtendaji. Tunasema kikombe kimevunjwa na mtoto. Hatusemi kikombe kimevunjika na mtoto. Kiini cha urani hakina mtoto wa kulaumiwa. Hakikuchomwa, hakikugongwa, saa yake imefika tu. Kile ambacho Kifaransa cha daftari la mdogo wangu kililazimika kukieleza kwa kivumishi, -ik- inakibeba bila kuongeza neno.

Kinapovunjika, kinatupa vipande. Urani 238 (namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni) inapotupa kipande cha alfa inapoteza protoni 2 na nyutroni 2. Nyingine katika mnyororo hutupa beta, ambayo ni elektroni iliyozaliwa ndani ya kiini pale nyutroni moja inapogeuka protoni, kwa hiyo protoni zinaongezeka moja. Kutoka urani hadi mwisho kuna alfa 8 na beta 6. Nilimwachia mdogo wangu afanye hesabu: 92 toa 16 jumlisha 6, ni 82. Akafungua jedwali lake. "Risasi!" Na 238 toa 32 ni 206. Jiwe lile, kama ni urani, linageuka risasi polepole likiwa limekaa kimya mlangoni. Sikumwona akifurahia kemia hivyo kabla ya siku ile.

Katikati ya mnyororo kuna radiamu, ambayo Marie na Pierre Curie waliigundua mwaka 1898, na baada yake radoni, ambayo ni gesi. Hii ndiyo inayotisha katika nyumba iliyofungwa, kwa sababu gesi inatoka ndani ya jiwe na kuvutwa na pumzi. Alfa nje ya mwili huzuiwa hata na karatasi. Ndani ya pafu hakuna karatasi.

Shinkolobwe, kilomita kama 20 magharibi ya Likasi, ilijulikana kwa Wazungu mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière ilianza kusafirisha mawe yake hadi Olen, Ubelgiji, na kuanzia 1922 radiamu ya Katanga iliitawala biashara ya dunia. Urani yenyewe karibu ilikuwa takataka. Ili kupata gramu moja ya radiamu inahitajika urani ya tani zipatazo tatu. Kazi ya Olen ilikuwa kemia tupu: asidi, chumvi, kuchuja, kurudia. Kemia iliweza kuichambua radiamu kutoka kwenye jiwe kama mama anavyochambua dagaa. Kuizima haikuweza. Siku zote hizo ilikuwa ikivunjika, nusu yake kila miaka 1,600, nje au ndani ya chupa.

Mwisho wa 1938, huko Berlin, iligunduliwa kwamba kiini cha urani kinaweza pia *kuvunjwa*. Tofauti ya herufi chache, na mtendaji ameingia: nyutroni inakipiga kiini cha urani 235, ile isiyofika hata sehemu moja katika mia ya urani yote, kinapasuka vipande viwili na kutoa nyutroni nyingine zinazovunja viini vingine. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameshapeleka tani kama 1,200 za mawe ya Shinkolobwe New York. Marekani waliyanunua mwaka 1942, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka Katanga. Mwaka 1959 kuvunjwa huko kulianza kufanyika Kinshasa kwa utaratibu, katika kinu cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Lovanium, cha kwanza barani Afrika. Wazee wetu waliochimba hawakuambiwa kwa lugha yoyote walichokuwa wakikibeba. Na mwaka 2004, mgodi ukiwa umepigwa marufuku tangu Januari, wachimbaji wa kobalti waliendelea kuingia, hadi mashimo yalipowaporomokea mwezi wa Julai na kuua.

Watu hao waliyaitaje mawe? Mjomba anasema: "sumu". Neno hili ndilo linalonikera kuliko yote. Kwetu aliyekula sumu hupewa mafuta ya mawese, hutapishwa, huoshwa. Sumu ina dawa. Ukimwambia mchimbaji kwamba jiwe lina sumu, umemwambia pia, bila kukusudia, kwamba aoshe tu. "Unururifu", neno la kamusi za Tanzania, lina kasoro ya upande wa pili. Limejengwa juu ya nuru, na mtu akingoja kuona nuru atangoja jiwe liwake usiku. Haliwaki. "Mionzi" inanipendeza zaidi, ingawa nayo hutaja kinachotoka na kuacha kinachotokea. Mimi darasani ningeandika unururifu ubaoni, kwa sababu mtoto atalikuta vitabuni, na chini yake ningeandika "kuvunjika kwa kiini". Mgodini ningeacha la kwanza kabisa, niseme: mawe haya yanavunjika ndani, na hakuna moto wala maji ya kuyazuia.

Ndivyo nilivyomwambia mjomba. Alikaa kimya, akauliza litaisha lini. Mdogo wangu alimjibu: nusu ya urani kwa miaka bilioni nne na nusu. Mjomba alicheka, halafu akaacha kucheka. Hatukuwa na chombo cha kupimia, kwa hiyo tulilichukua kwa mfuko, tukalitia katika kopo la rangi lenye kifuniko, tukalipeleka mwisho wa shamba, mbali na kisima, hadi atakapopatikana mwenye kipimo. Tulinawa mikono kwa sababu ya vumbi, na mjomba akaniuliza kwa nini tunanawa ikiwa maji hayazuii kitu. Ikabidi nianze tena: maji hayazuii kuvunjika, ila yanaondoa vumbi kabla hujalila.

Mlango sasa unazuiwa na tofali.