Joka na Mashua: Habari za Sikukuu ya Mwezi wa Tano wa Kichina

Neno "joka" katika Kiswahili ni nyoka aliyekuzwa, kama vile nyumba ikikuzwa huwa jumba, na ndege huwa dege. Na ukuzaji wa namna hii mara nyingi huchukua pamoja nao maana ya ubaya au ya kutisha. Wafasiri wa Biblia walipofika katika Ufunuo, sura ya 12, neno hili liliwafaa sana. Lakini mwalimu asomaye kwamba Wachina hushindana katika "mashua za joka" yampasa asimame kidogo kabla ya kuhukumu, kwani mnyama wao, waitaye long, si nyoka aliyekuzwa. Wazee wao walimwelezea kuwa ana pembe za kulungu, kichwa cha ngamia, shingo ya nyoka, magamba ya samaki na kucha za tai. Ndiye mwenye mvua na mito, tena alikuwa alama ya mfalme. Mkulima humtazamia maji, wala hamwoni kuwa adui. Hata hivyo wafasiri wa Biblia ya Kichina walilitumia neno long katika sura ile ile ya Ufunuo, na Wakristo wa kule wameishi tangu hapo na neno moja lenye nyuso mbili. Tumeanza na jambo hili kwa sababu makosa mengi juu ya desturi za watu wengine huzaliwa katika tafsiri.

Sikukuu yenyewe huitwa Duanwu, nayo huangukia siku ya 5 ya mwezi wa 5 kwa hesabu ya Kichina. Wachina huhesabu kwa mwezi mwandamo, lakini huongeza mwezi mmoja mara 7 katika kila miaka 19. Kwa hiyo sikukuu haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani, bali husogea huku na huku kama Pasaka, kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni. Ni wakati wa joto na mvua, na tangu kale mwezi huo ulihesabiwa kuwa wa sumu: nyoka, nge na tandu hutoka, na maradhi huenea. Ndiyo maana watu hutundika mlangoni majani yenye harufu kali, mojawapo likiwa la jamii ya pakanga. Hula pia mapeto ya mchele wa kunata yaliyofungwa kwa majani ya mwanzi na kupikwa katika maji.

Ukimwuliza Mchina asili ya haya, atakutajia Qu Yuan. Huyu alikuwa waziri na mshairi wa ufalme wa Chu. Alimshauri mfalme wake ajihadhari na ufalme wa Qin, akasingiziwa na watu wa baraza, akafukuzwa. Mwaka 278 kabla ya Kristo majeshi ya Qin yaliuteka mji mkuu wa Chu. Naye, yasemekana, alijitosa katika mto Miluo akikumbatia jiwe. Watu wakaenda mbio kwa mashua kumtafuta, wakatupa mchele majini ili samaki wasiule mwili wake. Hivyo ndivyo wasimuliavyo.

Lakini mtu akikifungua kitabu cha Sima Qian, mwanahistoria aliyeandika yapata miaka 100 kabla ya Kristo, atakikuta kifo cha Qu Yuan, wala hataiona mashua, wala tarehe ya sikukuu. Habari za mashua kuunganishwa na jina lake zaonekana katika maandiko ya karne ya 6 baada ya Kristo. Tena Suzhou watu humkumbuka siku hiyo Wu Zixu, mtu mwingine kabisa. Wen Yiduo, mwalimu mkuu aliyeuawa mwaka 1946, alishika kwamba sikukuu ni ya kale kuliko Qu Yuan, nayo ilitoka kwa watu wa kusini waliomheshimu joka. Sisi twaona hoja yake ina nguvu: mara nyingi desturi hutangulia, na kisa huja baadaye kuieleza. Walimu waliokusanya ngano katika nchi zetu watakuwa wamelikuta jambo hili mara nyingi.

Mashua ni nyembamba na ndefu, yenye kichwa cha joka katika omo na mkia katika tezi. Ile itumikayo sasa katika mashindano ya mataifa ina urefu wa mita 12 na zaidi kidogo, na hubeba wapiga makafi 20, mpiga ngoma na mshika usukani. Twasema makafi, wala si makasia, kwa kuwa hayafungwi ubavuni, nao hukaa wawili wawili wakitazama mbele. Wale wawili wa mbele ndio watoao mwendo. Mpiga ngoma huutazama na kuupeleka nyuma kwa sauti, kwa ajili ya wasioweza kuwaona.

Kabla ya kushindana hufanywa ibada ya kutia macho: mtu huchovya kalamu ya manyoya katika rangi nyekundu na kuvitia vitone mboni za joka, na tangu hapo mashua huhesabiwa kuwa hai. (Mtepe wa Lamu nao ulikuwa na macho penye omo. Hatusemi kwamba una udugu na mashua hizi, kwani macho ya vyombo yapo katika bahari nyingi.)

Katika kijiji cha wavuvi cha Tai O, magharibi mwa Hong Kong, yaonekana wazi kwamba jambo hili si mchezo tu. Huko vyama vya wavuvi huchukua sanamu za miungu kutoka mahekalu yao, huziweka katika mashua ndogo, na mashua za joka huzikokota kati ya nyumba zilizojengwa juu ya nguzo majini. Wenyeji huchoma karatasi za sadaka kwa ajili ya roho za waliokufa maji. Lakini mwaka 1976, katika Hong Kong hiyo hiyo, chama cha kuvuta wageni kilifanya mashindano ya mataifa, wakaja wapiga makafi wa Nagasaki. Na mwaka 1991 ukaundwa hapo umoja wa mataifa wa mchezo huu. Mahali pengi hapo kale mwanamke hakuruhusiwa hata kuigusa mashua. Sasa wanawake hushindana.

Je, Mkristo aweza kushika kafi? Twaona jibu haliwezi kuwa moja. Mashindano ya mjini yenye saa na vikombe si sawa na kuikokota sanamu, na mchungaji akataaye yote kwa sababu ya neno "joka" hakuichunguza kazi yake. Lakini naye asemaye kwamba kutia macho ni pambo tupu hawatendei haki wavuvi, ambao kwao si pambo.

Katika mji wa Vancouver, nchini Kanada, mwaka 1996, Don McKenzie, tabibu wa chuo kikuu, aliwapandisha katika mashua ya joka wanawake 24 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti. Wakati huo waliambiwa wasitumie mikono kwa nguvu, isije ikavimba. Walipiga makafi msimu mzima, wala hakuna aliyepata uvimbe mpya. Tangu hapo vikundi vya namna hiyo vimeanzishwa katika nchi nyingi.

Na kule Guangdong, katika vijiji kadhaa, sikukuu ikiisha mashua ndefu huzikwa katika matope ya mto, ili mti usipasuke wala kuoza kwa hewa. Kichwa hung'olewa na kuwekwa hekaluni. Mwaka unaofuata, mwezi wa 4, vijana huingia majini, huyaondoa matope kwa mikono, na kuichota mashua maji mpaka inaelea tena.