Kinga ya mwili inapoligeukia ini jipya

Upasuaji wa kupandikiza ini waweza kufana, lakini mgonjwa akabaki hatarini kutokana na chembe zilizoumbwa kumlinda.

Masaibu huanza mapema. Ini linapotolewa kwa mfadhili na kuhifadhiwa kwenye baridi, hukosa oksijeni. Damu inaporudishwa, chembe za Kupffer, ambazo ni walinzi wanaoishi ndani ya ini lenyewe, huchachamaa na kumwaga kemikali zinazojeruhi tishu. Ajabu ni kwamba walinzi hao ni wa mfadhili, si wa mgonjwa.

Kisha huja chembe T za mgonjwa. Hizi hulitambua ini kuwa geni na kushambulia mirija ya nyongo na kuta za mishipa ya damu, mara nyingi katika majuma ya kwanza. Mgonjwa huenda asihisi lolote. Ni vipimo vya damu vinavyofichua.

Kabla ya dawa ya siklosporini kuidhinishwa Marekani mwaka wa 1983, wengi hawakumaliza mwaka mmoja. Leo takrolimasi ndiyo hutumiwa zaidi. Ikipungua, chembe T hushambulia. Ikizidi, virusi hupata mwanya.

Lipo pia janga adimu lakini baya zaidi: chembe za mfadhili zilizojificha ndani ya ini huushambulia mwili wa mwenyeji wake. Ngozi hutoka vipele, mgonjwa huharisha na uboho hushindwa kutengeneza damu. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na madhara ya dawa, ugonjwa huu hutambuliwa kwa kuchelewa, na wengi wanaoupata hufariki.