Ua wa Msaiprasi Haukatwi kwa Hasira

Ukipita Limuru, Kinangop au Molo utaziona nyua za misaiprasi zilizopandwa kwa uhodari kisha zikasahauliwa. Mwaka wa pili ua unapendeza. Baada ya miaka michache umefunika dirisha la sebule, waya za umeme zimemezwa na matawi, na jirani ananung'unika kwamba mahindi yake hayapati jua. Hapo ndipo mwenye boma huita kijana mwenye panga na kumwambia akate mpaka ndani.

Agizo hilo ndilo huua ua. Panua matawi kwa mikono uchungulie. Kijani cha nje ni tabaka tu. Ndani ni vijiti vya kahawia visivyo na jani hata moja. Mwarobaini ukikatwa ukabaki kisiki utachipua, lakini msaiprasi hautoi chipukizi kwenye tawi kuukuu lililokwisha kupoteza majani. Panga likivuka kijani, pengo ni la kudumu.

Kwa hiyo ukate kidogo, mapema, mara kwa mara. Ubavuni anza miche ikiwa michanga, ili matawi yashikane. Ncha iache ikaribie kimo unachotaka, kisha uikate chini yake kidogo, maana juu patajaa penyewe. Funga kamba ikuongoze, na chini pawe papana kuliko juu. Wengi hufanya kinyume: juu panavimba, chini pananyimwa jua, na mbwa wa mtaa wanapata mlango. Kata ardhi ikiwa bado na unyevu, si katika jua la Januari. Utomvu ukiganda kwenye makali, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Si kila kahawia ni kosa la panga, lakini. Mti huu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na vidukari vyake vilionekana Malawi mwaka 1986, vikafika Kenya 1990 na kukausha nyua nyingi. Ukiona majani yananata, ukungu mweusi na sisimizi wakipanda na kushuka, kata tawi hilo ulichome.

Na ua uliokwisha kuharibiwa? Pengo dogo, vuta matawi mabichi ya pembeni uyafunge yalivuke. Pengo kubwa, ng'oa upande kayaba. Ina miiba mikali, kweli, lakini hata ukiikata karibu na ardhi itachipua.