Ghorofa Halijalala: Kweli na Uongo wa Picha za Majengo

Fundi mwashi ana timazi na pimamaji. Akimaliza ukuta huning'iniza uzi, akafumba jicho moja, akautazama, roho ikatulia. Kisha anakuja mpiga picha na simu yake, anabonyeza mara moja, na ukuta uleule unatoka umelala chali.

Picha za minimalisti hazina pa kuficha kosa hilo. Ni ukuta mmoja mweupe, kivuli kimoja na anga, basi. Penye vitu mia, mstari uliopinda hupotea katikati ya wenzake. Penye vitu vitatu, ndio wa kwanza kuonwa. Pengine ndiyo maana mambo mengi husemwa kuhusu picha hizi kwa uhakika kuliko yanavyostahili. Mengine niliyaamini mwenyewe kwa miaka.

"Lenzi pana hupotosha ukubwa wa vitu."

Uongo, tena huu ndio uliozaa mwingine wote. Tafuta baraza yenye nguzo nyingi. Piga picha kwa lenzi ya 0.5 ya simu, halafu, bila kusogeza mguu, piga kwa lenzi ya kawaida. Ile ya kwanza ipunguze kandokando mpaka ibaki sehemu inayoonekana kwenye ya pili. Ziweke pamoja, utakuta nguzo ya karibu na ya mbali zina uwiano uleule. Lenzi imebadilisha eneo lililoingia kwenye picha tu.

Uwiano hubadilishwa na umbali. Nguzo moja ikiwa mita 2 kutoka kwako na nyingine mita 10, ya kwanza itaonekana kubwa mara tano. Rudi nyuma mita 30: sasa ziko mita 32 na 40, na ya karibu inaizidi ya mbali kwa robo tu. Lenzi pana hubeba lawama kwa sababu inaturuhusu kusogea karibu mno. Wenye hatia ni miguu.

Somo hili nililipia. Nyumba moja ya wageni huko pwani iliniita nipige picha vyumba vyake. Nikajibana kwenye kona, mgongo ukutani, na chumba kikatoka kipana kama ukumbi wa harusi. Mgeni wa kwanza aliyevutwa na picha zile alifungua mlango, mlango ukagonga kitanda. Mwenye nyumba akanipigia simu. Aliyoyasema nayaacha hukohuko kwenye simu.

Kipande cha kweli kipo, nacho kiko pembezoni mwa fremu. Chungu cha mviringo kikikaa kwenye kona ya picha iliyopigwa kwa lenzi ya milimita 24, kwenye kamera ya fremu kamili, kitavutwa karibu theluthi moja na kuonekana kama yai. Lakini chapisha picha hiyo nzima kwa upana wa sentimita 30, fumba jicho moja, isogeze mpaka sentimita 20 kutoka usoni. Yai linarudi kuwa chungu! Picha pana inataka kutazamwa kwa karibu, sisi tunaitazama kwa mbali halafu tunailaumu.

"Jengo kulala nyuma ni dalili ya kamera ya bei rahisi."

Uongo. Kamera yoyote itatoa mistari wima iliyonyooka mradi uso wa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, uwe sambamba na uso wa jengo. Ukiinua kamera kutafuta kilele, usambamba huo umevunjika, na kuta zinaanza kuelekeana kama reli zinazokimbilia upeo wa macho. Sheria ya reli na ya ukuta ni moja. Kwenye reli jicho limeizoea, kwenye ukuta linaikataa.

Chukua jumba la mikutano la KICC la Nairobi, kazi ya wasanifu Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso iliyokamilika mwaka 1973, lenye ghorofa 28 na urefu wa mita 105. Ukisimama chini yake na kuinua simu, unapata kitu kama mnara unaoanguka kinyumenyume. Ukitaka kuushika wima kwa lenzi ile ya milimita 24, kamera ikiwa imesimama na hujaiinamisha hata kidogo, itakubidi urudi nyuma kama mita 140. Hapo kilele kitagusa ukingo wa juu, na nusu nzima ya chini ya picha itakuwa sakafu, magari na visigino vya wapita njia. Unaikata na kuitupa. Si ustadi wa ajabu, ni kutembea tu.

Wenye haraka walitafutiwa njia. Kamera kubwa za zamani, zile za kitambaa cheusi kichwani, ziliruhusu lenzi kupandishwa juu huku mwili wa kamera ukibaki wima. Mwaka 1962 Nikon ikauza lenzi ya milimita 35 yenye uwezo huohuo kwa kamera ndogo. Nao Bernd na Hilla Becher, mke na mume Wajerumani waliotumia miongo wakipiga matangi ya maji na mitambo ya viwanda, walipanda juu ya ngazi na majukwaa ili kamera ifike usawa wa katikati ya kitu chenyewe.

"Programu itanyoosha baadaye."

Nusu kweli. Programu huvuta sehemu ya juu ya picha kama mtu anayevuta unga wa chapati: inapanuka, maelezo madogo yanafifia, na pembe zinakatwa. Ukiacha anga ya kutosha pande zote, marekebisho madogo hayadhuru. Tatizo ni programu isiyojua lipi limepinda na lipi limejengwa hivyo. Pembeni ya mnara wa KICC kuna ukumbi wenye umbo la koni. Koni ile imechongoka kwa makusudi, na programu ikishughulikia mistari yake kama kosa, inaharibu mchoro wa watu.

Wasanifu wenyewe hawakuwahi kuiabudu timazi. Hekalu la Parthenon la Athens, lililojengwa kati ya 447 na 432 KK, lina sakafu iliyonyanyuka katikati ya pande ndefu kwa sentimita kama 11, na nguzo zake zimeegemea ndani kidogo. Ndiyo maana nami huacha kuta za mnara mrefu zielekeane kidogo juu. Mnara ukinyooshwa kabisa huonekana kama unapanuka kichwani.

"Usiweke jengo katikati."

Uongo. Akina Becher waliweka kila kitu katikati, miaka nenda miaka rudi.

"Picha yenye vitu vichache ni rahisi."

Hapa nacheka. Mwaka 1960 mpiga picha Julius Shulman alipiga nyumba ya vioo iliyosanifiwa na Pierre Koenig juu ya vilima vya Los Angeles: wanawake wawili wamekaa ndani, taa za jiji zimetandazwa chini. Lenzi ilikaa wazi kwa dakika kama saba ili jiji liandikike, kisha mwanga wa flashi ukawaangaza wanawake. Lucien Hervé, mpiga picha wa msanifu Le Corbusier, alichukua mkasi na kukata picha zake mpaka jengo zima likabaki ngazi na kivuli. Naye Andreas Gursky, kwa picha yake ya ghorofa la Montparnasse, Paris, ya mwaka 1993, aliunganisha picha zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti. Jengo limenyooka mwanzo hadi mwisho, na hakuna mahali duniani pa kusimama ukaliona vile.

Nilijaribu kitu kama hicho Michenzani, Unguja, mbele ya yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nilirudi nyuma, nikaweka pimamaji, nikangoja jua lilale. Madirisha yalipangika kama mistari ya daftari, ila kwenye roshani moja kulikuwa na kanga nyekundu. Bibi mmoja akatokeza, akaniona nimekodoa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yakuzuilia? Niianue?"

Nikatazama tena kwenye kioo cha kamera. Bila kanga ile, ulikuwa ukuta tu.

"Hapana, bibi. Iache."