Kumlilia Mungu Si Kukosa Imani

Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walijikuta wamebanana Kagunga, kijiji cha Tanzania mpakani na Burundi, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Nyuma yao mlima, mbele yao maji, barabara ya gari hakuna. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu wapatao 30, huku meli kongwe ya MV Liemba ikiwahamishia wengine Kigoma mjini kwa mafungu. Aliyelala pale mchangani hakujua ataondoka lini, wala kama mtoto anayeharisha ubavuni mwake atapona. Wengi wao walikuwa Wakristo, na waliomba. Maombi ya saa kama ile humfanyia mtu nini hasa?

Wataalamu wa saikolojia ya dini wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Kenneth Pargament wa Marekani, aliyetoa kitabu kikubwa juu yake mwaka 1997, anatenganisha njia mbili za kumwendea Mungu wakati wa dhiki. Kuna anayemwona Mungu yuko upande wake, anabeba naye mzigo. Kuna anayeona Mungu amemwadhibu au amemtupa. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wazee kwa miaka miwili: waliokuwa katika hali hii ya pili walielekea zaidi kufa, hata baada ya kuzingatia ukali wa ugonjwa wao. Kwa hiyo kusema tu kwamba dini hufariji hakutoshi. Imani ile ile yaweza kumwinua mtu, na yaweza kumwongezea jeraha.

Hapo ndipo ninapokuwa na neno na wahubiri wetu. Mvuvi wa Kibirizi au Katonga, Kigoma, amekaa bila kipato, kama ilivyokuwa uvuvi ulipofungwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Mama aliyezoea kuanika dagaa anadaiwa ada ya shule na hana cha kuuza. Wakienda kanisani wakaambiwa wamefungwa kwa sababu ya dhambi iliyofichika, au kwa sababu sadaka yao ni ndogo, wameongezewa dhiki. Kufanya hivyo ni kumwonea mtu aliyekwisha kuanguka, hata kama anayesema ana nia njema.

Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Karibu theluthi moja ya Zaburi ni maombolezo: watu wanalalamika, wanamuuliza Mungu amejificha wapi, wanadai jibu. Nyingi hugeukia shukrani mwishoni, lakini Zaburi ya 88 haigeuki. Inaishia gizani, na bado wazee wa imani waliiacha kitabuni. Watu wa ziwa hili wanaijua pia habari ya Yesu aliyelala chomboni katikati ya dhoruba. Katika Injili ya Marko, wanafunzi hawamwamshi kwa adabu. Wanamlaumu kwamba hajali wakiangamia. Anawauliza kuhusu imani yao, ni kweli, lakini upepo anautuliza kwanza. Hakungoja wapate maneno mazuri zaidi. Ndiyo maana nashauri maombolezo yarudishwe katika ibada zetu, yasomwe kwa sauti, tena pasipo kuharakisha kufika kwenye aleluya. Mwenye uchungu akisikia uchungu wake ukisomwa madhabahuni, anajua hajatoka nje ya kundi.

Na kundi lina kazi kubwa. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976, walikuwa wanajenga mahali ambapo asiyeonekana huulizwa. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliovuka ziwa, kanisa na kwaya hufanya kazi hiyo hiyo. Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, wapo kambini waliokuwa wamengoja kwa miaka wakabaki hawajui kesho yao. Kwaya haiwezi kuwapa tarehe ya safari. Huwapa Jumanne ya mazoezi, na mtu wa kuwauliza walikuwa wapi. Ujiji, mji wenye Waislamu wengi, majirani wa dini zote hukaa pamoja msibani, na Mkristo aliyefiwa hufarijiwa pia na anayeswali.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Karema, kusini zaidi kwenye ziwa hili. Adrien Atiman alitekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto Afrika Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Hadi alipofariki mwaka 1956 alikuwa tabibu na katekista kwa pamoja. Mgonjwa hakuhitaji kuchagua kati ya dawa na sala.

Basi ukimsikia jirani akisema Mungu amemchukia, usimbishie wala usimpe mahubiri. Kaa naye, mwache alie, rudi kesho na uji. Na kama halali, hali, au anasema heri afe, usimwache peke yake, wala maombi yasichukue nafasi ya tiba: mpeleke hospitali, Maweni kama uko Kigoma mjini, siku hiyo hiyo.